Mkao au pigo? Dinari mbili za Tiberio na swali la mpwa wangu

Wiki iliyopita mpwa wangu anayeishi Hamburg alinitumia picha nne kwenye WhatsApp bila maelezo yoyote, kisha ujumbe mmoja: "Shikamoo mjomba. Bei ni moja. Nichukue ipi?"

Picha mbili zilikuwa za dinari moja, mbili za nyingine. Zote za Tiberio, Kaisari wa Roma kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK, na zote za aina ambayo wakusanyaji wanaiita dinari ya kodi, kwa sababu ya kile kisa cha Injili: Yesu anaulizwa kama ni halali kumpa Kaisari kodi, anaomba aonyeshwe sarafu, kisha anauliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani, na anwani ni ya nani. Sanamu na anwani. Sijapata maneno mengine mawili yanayoeleza vizuri hivyo kilichomo kwenye sarafu ya kale. Na dinari za mpwa wangu zilikuwa zimegawana vitu hivyo kama ndugu waliogombea urithi: moja imechukua anwani yote, nyingine imechukua sanamu.

Nitaziita A na B.

A imekaa katikati kiasi cha kushangaza. Duara la vidoti linalozunguka picha linaonekana lote, mbele na nyuma, na nje yake kumebaki ukingo mwembamba wa fedha kama ukingo wa sahani. Maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS unayasoma herufi kwa herufi bila kukisia hata moja. Lakini nywele za Kaisari ni kama mkate wa kumimina: umbo lipo, nywele hakuna. Taji la majani limezama kichwani. Jicho ni kivimbe tu. Nyuma, yule mwanamke aliyeketi, ambaye wengi humtaja kuwa Livia, mama yake Tiberio, hana uso wala mikunjo ya nguo. Amebaki kivuli kwenye kiti.

B imehama. Upande wa kichwa picha nzima imesogea kama milimita mbili kuelekea kisogoni, kwa hiyo herufi za nyuma ya kichwa zimekatwa nusu, na mbele ya pua kumebaki eneo pana tupu. Ukiitazama kwa mbali inaonekana kama imekosewa, na kweli imekosewa. Lakini isogeze karibu. Majani ya taji unaweza kuyahesabu. Ncha za utepe zinaning'inia shingoni. Pua ni kali, mdomo umebana kama wa mtu aliyekunywa dawa chungu, jicho lina kope. Livia ameshika tawi, na vidole vyake vinaonekana.

Nilimjibu: chukua B. Akanirudia palepale: "Lakini mjomba, A ndiyo nzima!"

Kwa neno hilo moja, "nzima", nikajua tuna kazi.

Muhuri wa ofisi

Aliyewahi kufuatilia barua ya utambulisho kwenye ofisi ya serikali ya mtaa anajua kwamba muhuri unaharibika kwa namna mbili. Kuna siku karani anaugonga pembeni na nusu ya duara inaangukia mezani. Na kuna siku anaugonga katikati kabisa ya nafasi yake, ila wino umekauka, na kinachobaki kwenye karatasi ni duara la zambarau lisilosomeka. Barua ya kwanza utapokelewa nayo, mradi jina la mtaa na tarehe vinaonekana. Ya pili utaambiwa urudi.

Sarafu za kale hazikutengenezwa kwa namna ya mbali sana na hiyo. Fundi alikuwa na mihuri miwili ya chuma au shaba ngumu, kila mmoja umechongwa picha kinyumenyume na kwa kuzama. Mmoja ulipachikwa kwenye fuawe, ukitazama juu. Huo kwa kawaida ndio uliobeba kichwa. Wa pili ulishikwa kama tindo. Kati yake kikawekwa kidonge cha fedha, mara nyingi kikiwa kimepashwa moto, kisha nyundo ikashuka. Hakukuwa na pete ya chuma ya kukizuia kidonge kisitanuke ovyo. Pete hiyo ilikuja karne nyingi baadaye pamoja na mashine, na ndiyo sababu shilingi ya mfukoni mwako ni duara kamili na dinari ya Tiberio si duara kamili.

Kwa hiyo mkao na pigo ni mambo mawili tofauti yaliyotokea katika sekunde moja. Mkao unahusu kidonge kilikaa wapi juu ya muhuri wa chini, na tindo lilishushwa wapi juu ya kidonge. Pigo linahusu nguvu ya nyundo, joto la kidonge, uzima wa mihuri, na kama fedha ilipata nafasi ya kutiririka hadi ikajaza kila mfereji uliochongwa. Fundi angeweza kupatia moja na kukosa jingine. Angeweza hata kupatia upande wa kichwa na kukosa upande wa mwenge, kama tulivyokuwa tukisema utotoni tukirusha shilingi, kwa sababu pande hizo mbili zilitegemea mikono miwili tofauti: iliyoweka kidonge na iliyoshika tindo. Ndiyo maana usinunue sarafu ya kale kwa picha ya upande mmoja. Dinari yenye kichwa kilichokaa kama kimepimwa kwa rula inaweza kuwa na Livia aliyekatwa magoti.

Uso uliofifia una sababu tatu, na moja tu ni umri

Hapa ndipo wanunuzi wapya wanapoliwa pesa. Wakiona uso uliofifia wanadhani sarafu imezeeka, imepita mikononi mwa watu wengi, basi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ufifiaji una vyanzo vitatu, na kila kimoja kina bei yake.

Kulika kwa matumizi ndiko kunakojulikana zaidi. Sehemu zilizoinuka huanza kusagika: nywele juu ya sikio, shavu, nyusi, goti la anayeketi. Uso wake unakuwa laini kama kokoto la mtoni, na rangi ya sehemu hizo hutofautiana na ya mabonde. Mimi kulika kwa aina hii hakunisumbui sana. Sarafu ilifanya kazi iliyotumwa kufanya.

Pigo hafifu ni kitu kingine. Hapo fedha haikuwahi kufika ndani ya muhuri. Ukiangalia kwa kikuzaji, eneo lililofifia halina ule ulaini wa kokoto. Lina ngozi ya kidonge chenyewe, mikwaruzo na vinyweleo vilivyokuwapo kabla ya nyundo kushuka. Na ajabu yake ni kwamba sentimita nusu pembeni herufi zinaweza kuwa kali kama zimekatwa jana. Mkono wa mtu hauwezi kusugua shavu la Kaisari likaisha ukaacha herufi iliyo jirani bila alama. Ukiona hivyo, hilo ni pigo.

Kwa nini fedha isifike? Chukua penseli uchore sarafu ikiwa imekatwa wima, kama mkate. Chini kuna shimo refu la kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kilichochongwa kwa kina. Juu, mkabala na shimo hilo hilo, kuna shimo la kiwiliwili cha mwanamke. Fedha iliyo katikati inatakiwa ijaze mashimo mawili kwa mara moja, chini na juu. Isipotosha, au nyundo ikiwa nyepesi, upande mmoja unanyimwa. Ndiyo sababu udhaifu wa pigo hupenda kukaa katikati ya upande wa nyuma, mkabala kabisa na shavu la upande wa mbele. Geuza sarafu ukiwa umebana nukta moja kati ya vidole viwili utaona mwenyewe: bonde hapa, ubapa kule.

Chanzo cha tatu ni muhuri uliochoka. Wa juu, uliopokea nyundo moja kwa moja, ulichakaa haraka kuliko wa chini uliokingwa na fuawe. Fundi anapoendelea kuutumia, herufi huanza kuvimba, mistari inaungana, nyufa za muhuri zinatokea kwenye sarafu kama mishipa iliyoinuka. Pigo linaweza kuwa zito na mkao ukawa mzuri, bado picha ikatoka kama imepigwa kupitia kitambaa. Huu sio udhaifu wa nyundo, ila jicho halijali, matokeo yanafanana.

Dinari A ya mpwa wangu, kwa ninavyoiona, ina la pili na kidogo la tatu. Nywele hazikusagika. Hazikuwahi kuwapo.

Bundi wawili wa Athens

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko Roma, uko Athens, maana mji huohuo ulipiga sarafu ya thamani hiyohiyo, tetradrakma, yaani drakma nne, katika zama mbili, na kila zama ikachagua kosa lake.

Bundi (ndivyo sarafu hizi zinavyoitwa, kwa picha iliyo nyuma) wa zamani, wa takriban mwaka 454 hadi 404 KK, walitokana na fedha ya migodi ya Laurion. Wana gramu 17 na kidogo, kipenyo cha milimita 24 au 25, na ni wanene; ukimshika mmoja kwa mara ya kwanza utadhani ni kipande cha sabuni ya hotelini. Mbele ni mungu wa kike Athena na kofia yake ya vita, nyuma ni bundi anayekutolea macho, tawi la mzeituni na herufi AΘE. Muhuri wa Athena ulikuwa mkubwa kuliko kidonge. Sikosei nikisema hivyo ndivyo walivyotaka wenyewe, au walau hawakujali: hata kidonge kikikaa vizuri namna gani, kitu lazima kibaki nje. Mara nyingi kinachobaki nje ni kishungi cha kofia. Lakini kwa sababu kidonge ni kinene, fedha ilikuwa ya kutosha kujaza muhuri hadi chini, na pigo lake ni zito. Shavu la Athena limejaa, jicho limechongwa, matumbo ya herufi yana kingo.

Karne ya 4 KK mambo yakazidi: vidonge vingi vilikuwa sarafu za zamani zilizokunjwa, vikatoka mviringo wa yai au hata pembe, na mkao ukawa wa kubahatisha kabisa.

Kisha, katika karne ya 2 KK, Athens ikaja na bundi wapya. Kidonge kipana, chembamba, kipenyo milimita 30 na zaidi. Bundi sasa amesimama juu ya mtungi uliolala, majina ya maofisa yamemzunguka, na yote yamezungukwa na shada la majani ya mzeituni. Mkao wao mara nyingi ni wa kupendeza, shada lote unaliona. Lakini nguvu ileile ya nyundo sasa imetandazwa kwenye eneo pana, na fedha ni nyembamba. Utakuta shavu la Athena lina ubapa, au herufi za upande mmoja zimepotea ilhali za upande wa pili zinang'aa.

Ukiwa unachagua kati ya bundi wa zamani wawili, usikimbilie kishungi. Wenye kishungi kizima wapo, na bei yao inaijua thamani hiyo. Utalipa mara kadhaa kwa ajili ya manyoya. Tafuta uso usiokatwa, pua na kidevu vikiwa ndani, macho yote mawili ya bundi, na AΘE kamili. Ukiwa unachagua kati ya bundi wapya wawili, geuza maswali: mkao utakuwa mzuri karibu kwa wote, kwa hiyo uliza pigo kwanza.

Kuna jambo moja la tahadhari kuhusu bundi wa zamani. Ukiona amekaa katikati kabisa, kishungi chote, pigo kali, na muuzaji anataka bei ya kawaida, ondoka. Bundi wameghushiwa sana. Zile za kumiminwa kwenye kalibu huwa na ulaini wa sare kila mahali, hata mabondeni ambako kidole hakifiki, na wakati mwingine vishimo vidogo vya hewa usoni.

Usiulize kimekatwa kiasi gani, uliza kimekatwa nini

Watu hupenda kupima mkao kwa asilimia: imehama kumi, imehama ishirini. Mimi asilimia naona hazinisaidii. Dinari iliyohama kidogo kuelekea puani ni hasara. Iliyohama mara mbili ya hapo kuelekea kisogoni bado ni picha ya mtu. Milimita moja ya pua ina uzito kuliko milimita tatu za kisogo.

Na kila aina ya sarafu ina pua yake, mahali pasipotakiwa kuguswa.

Dinari ya Brutus ya mwaka 42 KK, aliyoipiga baada ya kumuua Julius Kaisari, ina majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini yake maneno EID MAR, tarehe ya mauaji. Tarehe hiyo ikianguka nje ya kidonge, mnunuzi amebaki na kofia na visu. (Ya dhahabu ya aina hiyo iliuzwa kwa mnada Oktoba 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki baada ya kubainika kwamba historia ya umiliki iliyouzwa nayo ilikuwa ya uongo. Mkao wala pigo havisaidii kitu pale karatasi zinapokuwa bandia.)

Sarafu ndogo za shaba za wana wa Konstantino na warithi wao unazipata kwa bei ya chai na vitumbua, na pua yao iko chini kabisa, chini ya mstari ambapo picha inasimama. Hapo ndipo pameandikwa mji uliozipiga: SMAL na herufi ya karakana ni Aleksandria, TR ni Trier, SIS ni Siscia. Ikihama kuelekea chini, kwaheri mji.

Hili la Aleksandria lilinipata mimi. Misri chini ya Warumi ilikuwa na tetradrakma zake, hadi mageuzi ya Kaisari Diocletian yalipozifuta karibu na mwaka 296, na raha yake ni kwamba nyingi zimeandikwa mwaka wa utawala: alama kama L, kisha namba kwa herufi ya Kigiriki. Nilinunua moja ya Kaisari Probus mtandaoni, tai mzuri, pigo safi, bei nafuu. Kwenye tangazo picha ilikuwa imekatwa kwa duara juu ya mandhari nyeusi, ikaonekana imekaa vizuri. Ilipofika nikaiona L upande wa kushoto wa tai, nikageuza jicho kulia kutafuta namba. Hakuna kulia. Sarafu imeishia kwenye bawa. Mwaka wa ngapi? Mpaka leo ninayo L yangu bila namba, na muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwamba picha ilionyesha kila kitu. Kwa haki ya Mungu, ilionyesha. Mimi ndiye sikujua cha kutafuta.

Sarafu za Aksum zinanigusa zaidi, labda kwa sababu ni za upande wetu wa dunia. Ufalme huo wa Ethiopia ya leo ulianza kupiga dhahabu, fedha na shaba mwishoni mwa karne ya 3, enzi za mfalme Endubis. Mwanzoni juu ya mfalme kulikuwa na mwezi mwandamo na kiduara. Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya 4, mwezi ukaondoka na msalaba ukaingia. Vitu hivyo ni vidogo kuliko punje ya mchele na vinakaa karibu na ukingo. Sasa fikiria dhahabu ya Ezana iliyohama kuelekea juu, ikaupoteza ukingo wa juu: mfalme yupo, masuke mawili yaliyomzunguka yapo, ila ile alama inayokuambia kama bado ni mwezi au tayari ni msalaba imebaki kwenye sakafu ya karakana. Hapo mimi hukubali pigo laini zaidi ili alama ile iwepo. Ni moja ya aina chache ambazo mkao unaishinda sanamu machoni mwangu.

Sarafu za shaba za Kilwa si za kale kwa maana ya wakusanyaji wa Roma, ni za zama za kati, ila siwezi kuzipita kimya. Zina mistari ya Kiarabu, bila picha, na maneno ya pande mbili yana kina kimoja: upande mmoja jina, Ali bin al-Hasan, upande mwingine kwamba anamtegemea Mola wa fadhila, al-minan. Hasan, minan. Sarafu yenye vina! Ikikatwa ukingo unapoteza kina, na mshairi yeyote wa pwani atakuambia ubeti bila kina ni nini. Tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe. Kwa hizi sitoi ushauri wa kununua. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya ina yake ya 2006, na mtu anayekuuzia Kilwa iliyotoka ardhini juzi anakuuzia kesi.

Zipo pia sarafu ambazo mkao mbaya ndio desturi yao. Siglosi za fedha za Uajemi, zenye mfalme anayekimbia na upinde wake, hukosa kichwa au mguu karibu kila mara, na nyuma zina tundu tu la tindo. Ukisubiri iliyokamilika utaota mvi. Vile vishaba vya Yudea ambavyo watu hununua kama senti za mjane wa Injili ya Marko vidonge vyake vilimiminwa vikiwa vimeungana kama shanga kwenye uzi, kisha vikakatwa, na picha huangukia popote. Kwa hivyo vya Yudea chagua kinachosomeka walau nusu, lipa kidogo, furahi.

Namba kwenye boksi la plastiki

Sarafu nyingi siku hizi zinauzwa zikiwa ndani ya boksi la plastiki lililofungwa na kampuni ya upimaji. NGC ya Marekani ndiyo inayoonekana zaidi kwa sarafu za kale: inatoa daraja la kulika, kisha namba mbili, kila moja kati ya 1 na 5. Ya kwanza ni ya pigo, ya pili ni ya hali ya uso wa madini. Kuna na nyota kwa zinazopendeza kuliko daraja lake.

Ninaiheshimu kazi hiyo, na kwa anayenunua kutoka mbali boksi ni kinga nzuri dhidi ya bandia. Lakini namba ya pigo inabeba mkao ndani yake. Sarafu yenye 3 kati ya 5 inaweza kuwa iliyohama na kali, au iliyokaa katikati na bapa, au muhuri wake ulikuwa mchovu. A na B za mpwa wangu zingeweza kabisa kupata 3 zote mbili, zikakaa kwenye orodha ya mnada zikiwa jirani kama mapacha. Namba inakuambia kuna pungufu. Pungufu gani, ni jicho lako.

Na jicho linahitaji mwanga wa pembeni. Taa ikimulika kutoka juu kabisa, shavu bapa linang'aa vizuri na unadhani limejaa. Mwombe muuzaji video ya sekunde kumi, sarafu ikizungushwa taratibu chini ya taa moja iliyo ubavuni. Penye mwinuko wa kweli kivuli kinatembea. Penye ubapa hakitembei kitu, mwanga unapita tu kama juu ya meza. Kisha ulizia uzito. Dinari ya Tiberio ni gramu 3.7 hivi, inayopungua sana iwe na sababu.

Tunarudi Hamburg

Hoja ya mpwa wangu haikuwa ya kijinga. Alisema sarafu hiyo anataka kuiweka kwenye fremu ukutani, wageni waione wakiwa wamesimama, na kwa umbali wa hatua mbili A ni duara linaloeleweka wakati B inaonekana imelala upande. Kweli tupu. Mkao mzuri unaonekana kutoka mbali. Hauhitaji kikuzaji wala mjomba. Kama lengo ni ukuta, na maandishi yote ya kumwonyesha mgeni aliyesoma Injili, A ina haki yake, nami nisingemcheka.

Nikamuuliza: utaishika mara ngapi? Akasema kila siku, labda, mwanzoni. Basi, nikamwambia, fremu achana nayo, inunulie kijiboksi cha kufungua. Na anwani iliyokatwa kwenye B ni ile ile unayoijua kwa moyo. Tiberio alipigiwa dinari ya aina hii karibu enzi yake yote, maneno hayohayo; herufi zilizobaki nje ya kidonge unaweza kuzijaza kichwani bila kukosea hata moja. Nywele za A huwezi kuzijaza kichwani, kwa sababu kila mchonga mihuri alizichonga kivyake, na za huyu hatutazijua kamwe.

Yapo pia ya pesa. Dinari yenye vyote viwili, mkao na pigo, ingemgharimu mara mbili au zaidi ya hizi, maana hapo ndipo matajiri wanapogombania. Siku akiuza, A itatazamwa na mnunuzi mpya kama yeye, B itatazamwa na mtu mwenye kikuzaji. Sijui ni yupi atalipa zaidi mwaka huo, ila najua ni yupi ninayependa kumuuzia.

Amenunua B. Ilifika Jumanne, akanipigia video akiwa ameishika karibu na dirisha, mwanga wa baridi ya Ujerumani ukiingia kutoka ubavuni, na ule utepe wa taji ukatupa kivuli chembamba shingoni kwa Kaisari. Tukanyamaza wote wawili kidogo.

Kisha akasema, "Mjomba, kuna bundi wa Athens hapa, bei nzuri sana. Kishungi chote kipo. Ila hana pua."

"Nani, bundi?"

"Athena."

"Mwache hapo hapo, mama."